Laptopu inazima ghafla tangu Windows ijisasishe. Nifomati?

Swali: "Kaka mtaalamu, habari za kazi. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro. Laptopu yangu niliinunua Kariakoo miaka mitatu iliyopita ikiwa imeshatumika: Core i5 ya kizazi cha nane, RAM 8GB, Windows 11. Wiki iliyopita ilijisasisha usiku, asubuhi nikaikuta imejiwasha upya. Tangu siku hiyo inazima mara tatu hadi nne kwa siku. Kuna wakati skrini inakuwa nyeusi na maandishi meupe ya Kiingereza, inahesabu asilimia, halafu inawaka tena. Kuna wakati inakata tu kama taa, bila neno. Juzi ilizima nikiwa nataipu mtihani wa shule moja, kurasa 14 zikapotea. Fundi wa jirani anasema Windows imekufa, nimpe 30,000 afomati. Ndani kuna kazi za wateja za miaka yote mitatu. Nifanyeje?"

Dada yangu, pole kwa huo mtihani. Nianze nao, kwa sababu huenda haujapotea. Fungua Word, nenda "File", "Info", "Manage Document", kisha "Recover Unsaved Documents". Usipouona hapo, tafuta kwenye diski C mafaili yanayoishia na .asd; ndiyo nakala za dharura ambazo Word hujihifadhia yenyewe. Kwa kawaida hufanya hivyo kila baada ya dakika 10, kwa hiyo unaweza kupata kurasa 12 kati ya 14. Ukimaliza, ingia kwenye "Options", "Save", punguza dakika hizo ziwe 2 mpaka tutakapopata dawa.

Sasa swali lenyewe. Usifomati leo. Fundi wako anaweza akawa sahihi mwishoni, sikatai, lakini kwa maelezo uliyonipa hakuna mtu anayejua bado nini kinaiua mashine hiyo, na kufomati kabla ya kujua ni kuosha nyumba kabla polisi hawajafika. Na kuna jambo lingine: wewe umeniandikia kuhusu tatizo moja, mimi nasoma mawili.

Kabla ya kugusa chochote, toa kazi za wateja. Nunua flashi ya ukubwa wa kutosha au azima diski ya nje, nakili "Documents", "Desktop" na "Downloads". Kaa pembeni uangalie inavyonakili. Ikienda vizuri mpaka mwisho, heri. Ikiganda au kuzima ikifika kwenye faili lile lile kila mara, andika jina la faili hilo na uliruke, uendelee na mengine. Diski inakuambia kitu. Mtu asikushawishi kuiendeshea chkdsk /r diski ya namna hiyo kabla kazi hazijatoka. Amri hiyo husoma diski nzima kipande kwa kipande, na diski iliyochoka inaweza kumalizikia hapo hapo.

Pia hakikisha una ufunguo wa BitLocker, lile kufuli la Windows la kulinda diski. Laptopu nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa siri bila mwenyewe kujua, hasa ukiwa umeingia kwa akaunti ya Microsoft. Ukianza kuchezea namna inavyowaka, au fundi akibadilisha mipangilio ya BIOS (programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows), inaweza kudai namba yenye tarakimu 48. Ingia kwa simu kwenye akaunti yako hiyo ya Microsoft, tafuta kifaa chako, na namba ikiwepo iandike kwenye daftari. Nimeona watu wakipoteza kila kitu si kwa sababu ya kuharibika kwa mashine, bali kwa sababu akaunti ilifunguliwa na muuzaji wa dukani kwa barua pepe ambayo hakuna anayeikumbuka. Wewe uliyenunua iliyotumika, angalia hilo kwa makini.

Turudi kwenye vifo viwili. Ile skrini nyeusi yenye maandishi ndiyo ile ile skrini ya buluu ya zamani. Mwaka 2025 Microsoft waliibadilisha rangi katika Windows 11, wakaondoa na kale kauso kenye huzuni, ndiyo maana wengi wanadhani ni ugonjwa mpya. Maana yake haijabadilika: kiini cha Windows kimekutana na jambo ambalo hakiwezi kuendelea nalo salama, kikaamua kusimama chenyewe kabla hakijaharibu mafaili. Hiki ni kifo chenye wosia. Ile asilimia unayoiona ikihesabu ni wosia unaandikwa kwenye diski.

Kukata kama taa ni kifo kingine kabisa. Hapo Windows haikuamua chochote. Umeme haukufika, au mashine imejizima kujiokoa na joto, na Windows imekuja kugundua ilipowaka tena kwamba mara ya mwisho haikuzimwa kwa utaratibu. Apdeti peke yake ni nadra sana kusababisha kifo cha aina hii. Ndiyo maana nasema una mawili.

Basi tusome wosia. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, kisha Enter. Itafunguka chati ya siku, wiki hadi wiki, yenye X nyekundu pale palipotokea kosa na alama za buluu pale ambapo kitu kimesakinishwa. Ni shajara ambayo Windows inaiandika siku zote na karibu hakuna mtu anayeifungua. Tafuta usiku ule wa apdeti, kisha angalia kushoto yake, yaani siku za kabla. Hapa ndipo maneno "ilianza baada ya apdeti" hupimwa. Nimekaa na wateja walioapa kwamba mashine haijawahi kusumbua, tukafungua chati, tukakuta X nyekundu za wiki tatu nyuma. Hawakusema uongo. Kabla ya apdeti ilikuwa inazima mara moja kwa wiki, wakadhani ni umeme wa TANESCO.

Kisha ingia ndani zaidi. Windows na R tena, andika eventvwr.msc, fungua "Windows Logs", halafu "System". Tafuta tukio namba 41 lenye jina Kernel-Power. Utakutana na watu wengi mitandaoni wanaoliita hilo ndilo ugonjwa na kuuza dawa zake. Si ugonjwa, ni tanzia: linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Thamani yake iko kwenye kichupo cha "Details", kwenye mstari unaoitwa BugcheckCode. Ukiwa 0, karibu kila mara ni kile kifo cha taa, au mashine iliganda ikazimwa kwa kidole. Ukiwa na namba nyingine, ni skrini nyeusi, na namba hiyo ndiyo jina la kosa. Pitia matukio yote ya 41 tangu wiki iliyopita, andika tarehe, saa na namba kwenye karatasi. Kwa mashine inayozima mara nne kwa siku utapata orodha ya kutosha.

Namba zenyewe zinasema nini? Nitakupa zile ninazokutana nazo zaidi kwenye laptopu za umri wa yako. 159 ni draiva iliyoshindwa kulala au kuamka mashine inapofunikwa na kufunuliwa. Mara nyingi ni ya Wi-Fi au ya picha. (Draiva ni programu ndogo inayoiongoza sehemu fulani ya mashine. Kama dereva wa daladala, akikosea hafi peke yake.) 278 ni ya picha moja kwa moja. 122 maana yake Windows iliomba kitu kutoka kwenye diski haikukipata, na hapo nakuomba uchukulie kwamba diski inakufa mpaka ithibitike vinginevyo. 26 ni mambo ya kumbukumbu, yaani RAM, ingawa draiva mbovu nayo huweza kuisingizia. 292 ni vifaa vyenyewe vikilalamika: prosesa, joto, umeme ndani ya ubao. Ukiona 292 au 122, kufomati ni kumpaka rangi mgonjwa wa moyo.

Tuseme shajara yako inaonyesha kweli kwamba kabla ya usiku ule palikuwa shwari, na namba ni za draiva. Basi apdeti ina kesi ya kujibu. Hilo hutokea, na halina haja ya kubishaniwa. Mfano ambao watu wa steshenari mnapaswa kuujua: tarehe 9 Machi 2021 Microsoft walitoa apdeti ya kawaida ya mwezi ya Windows 10, na mashine zilizounganishwa na baadhi ya printa, zikiwemo za Kyocera, Ricoh na Zebra, zikawa zinaanguka kwenye skrini ya buluu pale tu mtu anapobonyeza kuprinti. Ofisi zilisimama. Dawa ya dharura ilitolewa tarehe 15 Machi, siku sita baadaye. Aliyefomati ndani ya siku hizo sita angesakinisha upya, apakue apdeti ile ile, aprinti, aanguke tena.

Kwa hiyo nakuuliza: ile skrini nyeusi inakuja ukiwa unafanya nini? Ukiprinti? Ukifunua laptopu iliyolala? Ukichomeka flashi ya mteja? Au wakati wowote tu? Ongeza safu hiyo kwenye karatasi yako. Jibu moja la aina hii hunipunguzia saa mbili za kazi.

Tena usidhani kila apdeti ni ya Windows. Tarehe 19 Julai 2024 viwanja vya ndege na hospitali katika nchi nyingi zilipokwama, dunia ilisema Windows imeanguka. Apdeti iliyoangusha mashine hizo, milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, ilikuwa ya programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike. Dawa ilikuwa kufuta faili moja tu, lakini kwa mashine nyingi ilibidi mtu aziendee kwa miguu. Kwenye laptopu yako mhusika wa namna hiyo anaweza kuwa antivirusi mbili zinazogombana, au kile kiprogramu cha kukreki Windows ambacho wauzaji wa mashine zilizotumika hupenda kutuachia. Sikuhukumu, nakueleza tu kwamba navyo vinaingia ndani sana, na apdeti inapobadilisha chini ya miguu yao vinaanguka na mashine nzima.

Njia ya kutenganisha ni rahisi. Shikilia Shift, bofya "Restart". Itakuja skrini ya buluu ya machaguo: "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", "Restart", halafu bonyeza 4. Mashine itawaka katika hali salama, skrini ina sura mbaya na printa haifanyi kazi, usishtuke. Hapo Windows inatumia draiva chache za lazima tu. Iache hivyo saa mbili tatu huku ukifungua mafaili. Isipozima hata mara moja wakati kwa kawaida ingeshazima, mhusika ni draiva au programu. Ikizima hata humo, acha kuisingizia apdeti, angalia vifaa.

Ikiwa ni draiva au apdeti, rudi hali ya kawaida, fungua "Settings", "Windows Update", "Update history". Orodha imegawanywa: matoleo makubwa, apdeti za mwezi, na draiva. Anza na draiva. Kama kuna draiva ya picha au ya Wi-Fi iliyoingia usiku ule ule, huyo ndiye mshukiwa wa kwanza. Bofya kitufe cha Windows kwa kulia, chagua "Device Manager", tafuta kifaa hicho, fungua sifa zake, kichupo cha "Driver", bofya "Roll Back Driver". Kitufe kikiwa kimefifia hakuna ya zamani ya kurudia, pakua kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu kwa kutumia namba ya modeli. Usipakue zile programu zinazojitangaza kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja. Nimesafisha uchafu wao mara nyingi mno.

Kama hakuna draiva, iondoe apdeti ya mwezi: humo humo, chini kabisa, "Uninstall updates". Na kama lililoingia ni toleo kubwa zima, nenda "System", "Recovery", utakuta "Go back". Hapo fanya haraka, kwa sababu Windows hutunza toleo la zamani siku 10 tu, kisha hulifuta. Wewe umesema wiki iliyopita, kwa hiyo siku zinahesabika. Na asikuambie mtu usafishe diski upate nafasi. Toleo la zamani ni moja ya vitu vinavyofutwa kwanza.

Ukishaiondoa, bofya "Pause" kwenye "Windows Update". Unaweza kusimamisha hadi wiki tano. Apdeti kuu za mwezi hutoka Jumanne ya pili, kwetu ikiwa saa 2 au saa 3 usiku, kwa hiyo wiki tano zinakuvusha mpaka ya mwezi unaofuata, ambayo mara nyingi huja na marekebisho. Kuzizima moja kwa moja, kama baadhi ya mafundi wanavyofanya, sikushauri hata kidogo. Steshenari inapokea flashi za mji mzima. Hakuna laptopu inayokutana na virusi wengi kuliko yako, labda ya intaneti kafe.

Utaambiwa pia uandike sfc /scannow kwenye dirisha la amri ("Command Prompt"). Haina madhara: inakagua mafaili ya Windows na kurejesha yaliyoharibika. Ila kwa skrini nyeusi inayosababishwa na draiva nimeiona ikisaidia mara chache tu. Ukitaka kuifanya, tanguliza DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, maana ndiyo inayotengeneza ghala ambalo sfc huchukulia mafaili yake, na uwe na bando.

Sasa kile kifo cha pili, cha taa, ambacho kwa maoni yangu ndicho kitakachokusumbua zaidi.

Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport. Itakutengenezea ukurasa, na itakuonyesha mahali ilipouhifadhi. Linganisha "Design capacity" na "Full charge capacity". Kama iliundwa kubeba 45,000 na sasa inabeba 9,000, huna betri, una pambo. Laptopu ya namna hiyo inaishi kwa chaja tu, na umeme ukiyumba nusu sekunde, taa za dukani hata hazijazimika, yenyewe imeshakata. Jaribu: chomoa chaja, fanya kazi kwa betri peke yake. Ikizima ghafla huku ikisema bado asilimia 40, umepata jibu. Na kabla ya hayo ipindue uiangalie tumbo. Kama mfuniko wa chini umevimba au sehemu ya kuburuzia kidole imeinuka, acha kuichaji leo hii, betri imefura na ni hatari ya moto.

Betri ikiwa nzima, shuku joto. Hapa apdeti inaingia kwa mlango wa nyuma. Baada ya kujisasisha, mashine hufanya kazi kubwa kimya kimya kwa saa nyingi, wakati mwingine zaidi ya siku: inapanga upya faharasa ya mafaili, antivirusi inapitia kila kitu, programu zinajiandaa upya. Prosesa inachemka kuliko ilivyozoea. Feni nzima ingelimudu hilo. Feni ya laptopu iliyokaa miaka mitatu kwenye chumba chenye vumbi la karatasi na unga wa tona ya fotokopi, imewekwa juu ya kitambaa cha meza, hailimudu. Weka kiganja kwenye tundu la hewa inapokuwa na kazi. Ikitoka hewa ya moto hafifu, au hakuna hewa kabisa na feni inalia, imeziba. Kuifungua, kupuliza vumbi na kubadilisha pasti ya kupitisha joto kati ya prosesa na shaba ni kazi ya muda mfupi kwa fundi mzoefu, na hapo ndipo ningeipeleka pesa yako kwanza.

Kama baada ya yote haya namba bado ni za programu na hakuna kilichosaidia, bado kufomati si hatua inayofuata. Katika "Recovery" kuna chaguo la "Fix problems using Windows Update". Linasakinisha Windows upya juu ya ile iliyopo na kuacha mafaili na programu zako mahali pake. Linakula gigabaiti kadhaa, kwa hiyo tafuta Wi-Fi ya mtu au bando la usiku, na chaja iwe imechomekwa kwenye umeme usioyumba. Likishindwa hilo, mpe fundi wako kazi, kazi za wateja zikiwa tayari kwenye diski ya nje, na umwombe akuonyeshe afya ya diski kwa programu ya CrystalDiskInfo kabla hajaanza. Ikiandika "Caution" au "Bad", kwanza diski mpya ya SSD, halafu ndiyo Windows.

Niandikie ukiwa na karatasi yako: saa, namba ya BugcheckCode, na ulichokuwa unafanya. Siku mbili za kuandika zinatosha. Na kama zote ni 0, usinisubiri mimi, nenda kasafishe feni.